Inazimaje?

Kijana aliiweka chensoo yake juu ya benchi, akaifuta vumbi la mbao kwa kiganja kama mzazi anayempangusa mtoto kabla ya kumwingiza kwa daktari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene."

"Kamwene. Mashine hii inawaka vizuri tu, lakini inazima."

Fundi hakuigusa. Alimalizia jino la mnyororo alilokuwa akilinoa, akaliangalia kwa jicho moja, akaweka tupa chini. Ndipo akauliza: "Inazimaje?"

Kijana akabaki ameduwaa. Kuzima si kuzima tu? Nami niliyekuwa nimeketi pembeni juu ya kreti la soda, nikisubiri mnyororo niliotumwa kuuleta kunolewa, nililiona swali la ajabu. Mnyororo wangu ulikuwa tayari saa tano asubuhi. Niliondoka pale saa kumi jioni, na ni swali lile lililoniketisha.

Banda lenyewe ni la mabanzi na bati, ukingoni mwa mji wa Mafinga, mahali ambapo harufu ya utomvu wa misindano haikomi hata mvua ikinyesha. Huku ni Mufindi, wilaya yenye Shamba la Miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini. Na mbali na shamba hilo, kaya kwa kaya utakuta kitalu cha misindano au milingoti nyuma ya nyumba, akiba ya kusomeshea watoto. Msumeno wa mnyororo kwa kijana wa hapa ni kama pikipiki kwa kijana wa mjini: ukilala siku moja, chungu jikoni kinajua. Kwa hiyo mafundi hawakosekani. Wengi wao, ukiwapelekea mashine inayowaka na kuzima, mkono wa kwanza unakwenda kwenye bisibisi. Huyu mkono wake wa kwanza ni sikio.

Baadaye, mikono ikiwa ndani ya petroli, alinieleza maana ya swali lake. Mashine, alisema, zina namna tatu za kuzima. Ikizima kwa njaa ya mafuta, sauti hupanda kwanza: inakuwa nyembamba, kali, inakimbia kwa nukta moja au mbili, kisha kimya. Ikizima kwa kuvimbiwa, yaani petroli imezidi hewa, sauti huwa nzito; inagugumia, moshi unafuka, na inazama polepole kama mtu anayesinzia baada ya kula. Ikizima kwa kukosa cheche, hakuna kupanda wala kuzama. Inakatika tu, kama taa pale umeme unapokatika. Anayesema "inazima" amesema robo ya habari. Fundi anataka robo tatu zilizobaki kabla hajafungua hata skrubu moja.

Na kuna jambo jingine alilolipenda katika ugonjwa huu. Mashine inayokataa kabisa kuwaka, alisema, ni kama mgonjwa asiyeweza kuzungumza. Hii inayowaka imekwisha kukujibu mengi bila kuulizwa: mgandamizo upo, la sivyo isingeshika, cheche ipo, walau injini ikiwa ya baridi, petroli imefika kwenye silinda, walau mara moja. Kilichobaki ni kujua kwa nini kilichofika mara moja hakiendelei kufika.

Aliishusha chini kwenye ardhi tambarare. Akasukuma breki ya mnyororo mbele, akaingiza ncha ya buti kwenye mshikio wa nyuma, mkono wa kushoto ukakamata ule wa mbele. Akavuta choki. Kamba mara ya kwanza, ya pili, ikakohoa. Akarudisha choki nusu, akavuta tena, ikashika. Ilikuwa inanguruma vizuri kabisa, na kijana akamtazama kama anayesema, si unaona? Fundi akafungua choki yote, akagusa resi. Sauti ikapanda ghafla, nyembamba kama ya nyigu ndani ya kopo, ikafa.

Akairudia. Safari hii aliiacha kwenye nusu ya choki, nayo ikaendelea kuishi, inakwaruza lakini inaishi. Akaifungua, ikafa vilevile.

"Ina njaa," alisema.

Choki ni kizuizi cha hewa tu. Ukiifunga, injini inavuta kwa nguvu kwenye mlango uliobanwa, na mvuto huo unakokota petroli nyingi zaidi kutoka kwenye kabureta. Mashine inayoishi ikinyimwa hewa na kufa ikipewa, ni mashine isiyopata petroli yake kwa njia ya kawaida, inaombaomba. Kwa majaribio mawili yasiyochukua dakika tano, fundi alikuwa ameweka kando, walau kwa muda, koili, plagi na eksozi. Uwanja ulibaki mdogo: njia ya petroli, kutoka tangini hadi kwenye koo la kabureta.

Sasa ndipo maswali yalipokuja, moja moja. Mara ya mwisho ilifanya kazi lini? Kabla ya mvua, Desemba. Halafu kijana aliingia shambani kulima. Petroli iliyokuwemo ilitolewa? Kimya kidogo. Ilibaki. Hii iliyomo sasa imetoka wapi? Dumu la jirani. Kuna aliyeigusa kabla yangu? Ndiyo, fundi wa bodaboda, "alizungusha tu skrubu kidogo."

Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Fundi wa pikipiki, alisema, anajua kazi yake, ila alikuwa akitafuta kitu ambacho hakimo. Kabureta ya pikipiki ina kibakuli chini na boya ndani yake. Petroli ikijaa boya linapanda na kufunga mlango, ikipungua linashuka na kufungua, kama tangi la choo. Kitu hicho kinafanya kazi kwa sababu pikipiki husimama wima. Chensoo hulazwa ubavu kukata mti, husimamishwa kukata gogo, wakati mwingine hupinduliwa kabisa kufyeka tawi. Boya lingeshindwa kazi.

Tatizo hilo liliwasumbua hata waliotangulia. Msumeno wa petroli ambao Andreas Stihl aliutoa kule Ujerumani mwaka 1929 ulikuwa na uzito wa kilo 46 na ulibebwa na watu wawili. Kwa miaka mingi misumeno ya namna hiyo ilitengenezwa ili bapa la mnyororo ligeuzwe huku injini ikibaki wima, kwa kuwa kabureta haikukubali kulala. Kufikia mwaka 1959, Stihl Contra ilikuwa kilo 12 na ilibebwa na mtu mmoja, na kabureta yake ilikubali kulala ubavu wowote. Badala ya boya kulikuwa na kipande chembamba cha ngozi ya mpira. Lakini hapo fundi alikuwa bado hajafika. Alianza na kilicho rahisi.

Alilegeza kifuniko cha tangi, sikio likiwa karibu. Tangi la petroli linahitaji kupumua. Mafuta yakitoka sharti hewa iingie, na kama kijitundu cha kupumulia kimeziba, petroli inashikwa ndani kama maji kwenye chupa iliyopinduliwa na kuzibwa kwa kidole. Dalili yake ni mashine kufanya kazi dakika kadhaa na kuzima, kisha kifuniko kikilegezwa kinatoa pumzi na mashine inapona. Hakikutoa pumzi. Akaiwasha kifuniko kikiwa kimelegea. Ikafa kwa njaa ileile. "Halipumui vibaya," akasema, akalifuta shauri hilo kichwani.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na cha mvunguni katika chensoo ni filta ya petroli: kichwa kidogo kilichoning'inia kwenye ncha ya mpira ndani ya tangi, kizito makusudi, ili mashine ikipinduliwa nacho kiifuate petroli inakokimbilia. Alichukua waya wa spoku alioupinda mfano wa ndoana, akauzamisha kwenye mdomo wa tangi, akavua filta kama anayevua dagaa mmoja. Ilikuwa ya kijivu, imevaa koti la vumbi la mbao. Akaipuliza kwa mdomo. Mashavu yakajaa, hewa haikupita.

"Unafungua kifuniko kabla ya kukifuta," alimwambia kijana, bila ukali. Kijana akatazama viatu vyake.

Akasuuza tangi, akaweka filta mpya, akapapasa mpira wa petroli urefu wote kutafuta ufa. Kisha akaiwasha. Ikanguruma. Akafungua choki, ikabaki hai. Resi, ikaitika. Kijana akatabasamu, mkono ukaelekea mfukoni, na hapo ndipo nilipojua nipo mbele ya fundi. Kwa sababu palikuwa na sababu iliyoonekana, chafu, inayoweza kushikwa mkononi na kuonyeshwa mteja, na mashine ilikuwa inaunguruma. Yeye aliinua kiganja kumwambia kijana asubiri, akaiacha mashine kwenye sailensi, yaani ikiunguruma bila resi, akaenda kunawa mikono.

Zikapita dakika tatu, nne. Akarudi, akapiga resi mara moja ndefu. Sauti ikasimama vizuri, ikayumba, kisha ikaanza kupanda yenyewe bila kuongezewa, nyembamba, ya nyigu. Ikafa.

"Njaa imepungua," alisema. "Haijaisha."

Mambo yaliyofuata aliyapita kwa mwendo wa mtu anayefunga madirisha kabla ya kulala. Filta ya hewa, safi. Kichungi cha waya kwenye eksozi, ambacho masizi yakikiziba mashine hukosa pa kutolea pumzi, kiko wazi. Plagi aliifungua na kuipeleka kwenye mwanga: mashine iliyoshiba vizuri huacha plagi ya rangi ya kahawa ya maziwa, iliyovimbiwa huacha nyeusi iliyolowa, na hii ilikuwa imepauka kuelekea weupe. Plagi ilikubaliana na sikio. Ndipo akafungua kabureta.

Alitandika kitambaa cheupe. Kila alichokitoa alikilaza juu yake kwa mpangilio wa kutoka, kutoka kushoto kwenda kulia, ili kurudisha iwe ni kusoma kinyume. Upande mmoja wa kabureta una kifuniko kinachoshikwa na skrubu moja. Chini yake kuna pampu. Usitegemee kuona gurudumu wala mota. Ni kipande cha ngozi nyembamba chenye ndimi mbili zilizokatwa kama milango ya paka. Pistoni inapopanda na kushuka, hewa iliyo chini yake ndani ya injini inavutwa na kusukumwa, na pigo hilo linapita kwenye kijitundu hadi nyuma ya ngozi. Ngozi inacheza, ndimi zinafunguka na kufunga, petroli inavutwa kutoka tangini. Injini ikizunguka mara 12,000 kwa dakika, ngozi hiyo inacheza mara 200 kwa kila sekunde. Hakuna kinachoisukuma isipokuwa pumzi ya mashine yenyewe.

Upande wa pili kuna kifuniko cha skrubu nne, na ngozi ya pili. Hii ndiyo iliyochukua kazi ya boya. Injini inapovuta petroli, ngozi inabonyea ndani, inagusa kijiti kidogo, kijiti kinainua sindano, petroli inaingia. Chumba kikijaa, ngozi inarudi, sindano inafunga. Haijali juu ni wapi na chini ni wapi.

Kiswahili kina neno la kitu hiki tangu zamani: kiwambo, ngozi iliyowambwa. Fundi alikichukua kile cha zamani kwa ncha za vidole viwili, akakisogeza karibu na sikio langu, akakitekenya. Kilitoa mlio mkavu, kama karatasi ya pipi. Akafungua bahasha ya kiwambo kipya, akakitekenya vilevile. Sikusikia kitu. Kililegea kama kitambaa.

"Ngoma huwambwa ili ilie," alisema. "Hiki kikilia kimekufa."

Petroli iliyolala tangu Desemba ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Ilikauka polepole ndani ya kabureta, ikaacha utando wa kunata, ngozi zikakakamaa. Pampu iliyokakamaa inaweza kulisha mashine ikiwa polepole, lakini ukiomba resi haifikishi. Filta iliyoziba ilikuwa ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza, nao ulikuwa wa kelele zaidi, kwa hiyo ulificha wa chini. Kama kijana angelipa na kuondoka baada ya filta, mashine ingezimia porini, na kesho yake angesema fundi ni mwizi.

Chini ya ngozi ya pampu palikuwa na kichujio cha waya, kidogo kama ukucha wa mtoto mchanga, kimevaa gundi ya kahawia. Akakilowesha, akakisugua kwa brashi ya rangi iliyokatwa fupi. Vijitundu vya kabureta alivisafisha kwa petroli na pampu ya baiskeli. Nilimwona akipekua kopo la vikorokoro na kuuacha waya mwembamba uliokuwa juu kabisa, akachagua kipande cha mshipi wa kuvulia. Waya hukwaruza, alisema, na tundu lililokwaruzwa halirudi kipimo chake tena. Akaweka ngozi mpya, akahakikisha kijiti kipo katika kimo chake kwa kulaza kipande cha chuma kilichonyooka juu yake, akasoma kitambaa kinyume hadi kikawa kitupu.

Kabla ya kufunga aliubonyeza na kuupinda mpira unaounganisha kabureta na silinda, akitafuta ufa. Hapa sauti yake ilibadilika kidogo. Mashine inayovuta hewa ya wizi, kwenye ufa au kwenye sili za shafti, nayo huonekana ina njaa. Sailensi yake hupanda na kushuka yenyewe, na ukiachia resi inachelewa kutulia. Mtu akiitibu kwa kufungua skrubu za petroli itakubali, kwa wiki, kwa mwezi. Lakini katika mashine za tu-stroki petroli ndiyo inayobeba oili. Kukosa petroli ni kukosa oili, na siku moja pistoni inakula silinda, injini imenoki, na chensoo ya laki kadhaa imekuwa chuma chakavu. "Skrubu inanyamazisha," alisema. "Haiponyi."

Ndipo nikaelewa kwa nini hakuwa amezigusa mpaka saa hiyo.

Zipo tatu. H ni ya petroli ya resi kubwa, L ya resi ndogo, na ya tatu ni ya kupandisha au kushusha sailensi. Alitia bisibisi kwenye H na kuifunga taratibu mpaka ilipogusa, bila kukaza, huku akihesabu kwa sauti ya chini. Mizunguko miwili na nusu. Fundi wa bodaboda alikuwa ameifungua hivyo kuilisha mashine ambayo mlango wake ulikuwa umezibwa kwingine. Sasa mlango umefunguka, na ingeachwa vile ingevimbiwa. Akazirudisha zote mbili, H na L, kwenye mzunguko mmoja, mahali pa kuanzia.

Kutoka hapo ni sikio tena. L kwanza: aliizungusha kwa vipande vidogo kama vya dakika tano za saa ya ukutani, mpaka mashine ikawa inaitika resi bila kusita. Sailensi akaishusha mpaka mnyororo usijongee hata kidogo, kwa sababu mnyororo unaozunguka wakati mkono haujaomba ni mguu wa mtu. Halafu H, resi kamili hewani. Aliitaka mashine ikorome kidogo, sauti isiyo safi, kama iliyo na makohozi. Kisha akalikanyaga gogo la msindano, akazamisha bapa. Sauti ikasafika papo hapo, ikawa moja, nene, iliyonyooka. Akaitoa kwenye gogo, ikarudi kukoroma. Huo mkoromo mdogo ni petroli ya ziada, na ndani yake kuna oili ya ziada. Ndiyo akiba ya uhai wa pistoni. Ukiuondoa wote, mashine italia vizuri sana hewani, nawe utakuwa unasikiliza inavyojiua.

Akaongeza jambo ambalo sikulitegemea. "Ukiishusha hii Dar, usiitumie kabla hujairekebisha." Mafinga iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya sita. Mashine iliyopimwa kwa hewa hii, ikifika pwani inakuta hewa nzito na petroli ileile, inakuwa kavu. Inayotoka pwani ikipanda huku inavimbiwa, inatoa moshi, na mwenyewe anadhani ameuziwa mbovu. Kwa hiyo skrubu hazina namba ya kukariri. Zina mahali.

Kilichobaki kilikuwa petroli. Dumu la jirani lilimwagwa pembeni, kwa ajili ya kuoshea vyuma. Fundi akachukua petroli mpya lita moja, akatoa bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano, akavuta oili mpaka mwisho, akaimimina. Bomba moja kwa lita moja: hamsini kwa moja, bila kukadiria kwa macho wala kwa kifuniko cha soda. Akampa kijana bomba jipya la namna hiyo bure. Na agizo: mvua zikianza, mwaga tangi, iwashe mpaka izime yenyewe, ndipo uiweke.

Jua lilikuwa limeshaegemea miti. Nilidhani mambo yameisha, lakini fundi akajaza tangi, akaiwasha, akarudi kwenye gogo. Akakata kisahani cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akaigeuza ubavu wa kushoto, akaigeuza wa kulia, akaielekeza pua chini, kila mara akingoja. Dakika kumi zikapita, kumi na tano. Mkono wa kijana ulikuwa tena mfukoni, lakini safari hii haukutoka. Naye alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza. Fundi akaachia resi. Mashine ikashuka kwenye sailensi, ikatulia, ikabaki hapo kama iliyosahauliwa. Akaitazama kitambo.

Kisha akapeleka kidole gumba kwenye swichi, na kwa mara ya kwanza siku ile ikazima kwa kuambiwa.

"Enhe," alimwambia kijana. "Imezimaje?"